Msemaji wa Chuo na Uwanja wa Chisense

Habari ya kuteuliwa kwake aliiandika yeye mwenyewe, na mimi ndiye niliyeisoma.

Ilikuwa saa kumi alasiri, saa ya kipindi cha Kiswahili, katika redio yetu ndogo ya Nchelenge, mji ulio ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo. Mkuu wetu wa habari aliingia studio, akaniwekea karatasi mezani, akatoka bila kunitazama. Karatasi ilikuwa ya Kibemba. Ndivyo tulivyofanya kazi siku zote: yeye anaandika kwa Kibemba, mimi naitafsiri hewani papo hapo, macho kwenye karatasi na mdomo kwenye maiki. Nafasi ya kusoma kwanza haikuwepo. Kwa hiyo nilijua pamoja na wasikilizaji wangu, sekunde ileile, kwamba chuo kikuu fulani kimepata msemaji mpya, mwanahabari mahiri anayeheshimika pande zote za ziwa. Jina lilipofika nikaona ni la yule aliyetoka kufunga mlango.

Nilisoma mpaka mwisho. Nikatangaza msiba mmoja wa Kilwa, kisiwa cha ziwani kwetu, nikaweka wimbo, nikavua hedifoni. Nje nilisikia wenzangu wakimpigia makofi na soda zikifunguliwa. Mimi nilibaki nimekaa nikijiuliza jambo moja tu: huyu bwana alianza kula mkate wa chuo tangu lini?

Sikuuliza kwa wivu, ingawa wenzangu walidhani hivyo. Niliuliza kwa sababu ya uwanja wa chisense.

Chuo hicho, ambacho jina lake nitaliacha, kilikuwa kinatafuta kipande cha ufuko wa Kashikishi kijenge kituo cha kuchunguza samaki wa ziwa. Jambo zuri, nani atakataa elimu? Ila kipande walichokipenda ni kile ambacho wanawake wanaanikia chisense, wale samaki wadogo weupe wanaokaushwa juani. Wengi wa wanawake hao ni Wakongomani kama mimi. Mmoja wao ni mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu mama, aliyenipokea nilipotoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala nikiwa na mfuko mmoja wa nguo na Kifaransa changu cha shule ambacho huku hakinunui hata chumvi. Uwanja ule ndio uliotulisha wote wawili mpaka redio wakaniita.

Chisense hawakauki popote. Wanataka mchanga mkavu ulioinuka kidogo, wanataka upepo, na wanataka kuwa hatua chache tu kutoka mitumbwi inapotia nanga, kwa sababu wakichelewa kuanikwa wanaoza. Ukimsogeza mwanamke wa chisense mwendo wa nusu saa kutoka majini, umemfukuza kazi, hata kama umempa kiwanja kikubwa mara mbili. Jambo hili hata mlevi wa Kashikishi analijua. Wasomi wa samaki, sijui.

Wiki tatu kabla ya zile soda, mkuu wa habari alinituma kwenye mkutano wa wanawake wa uwanja. Watu wa chuo walikuja na miavuli, wakaeleza mipango yao, wakaondoka. Mimi nikabaki kurekodi maoni ya wanawake kwa simu yangu. Mama mdogo alizungumza kwa niaba ya wenzake, maana ndiye mwenye mdomo. Nilimtumia mkuu rekodi nzima jioni ileile, na kesho yake habari ikatoka. Sauti ya mama mdogo ilisikika safi kabisa ikisema: "Sisi bamama ba hapa tunaitika kutoka." Yaani wamekubali kuhama. Mara tu baada ya hapo kikaja kicheko cha wanawake wengi, kicheko cha furaha hasa, kama cha harusi. Halafu mkuu akafunga habari kwa kusema chuo na jamii wanatembea pamoja.

Kipindi hakijaisha mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni pa redio, mikono ikinuka samaki.

"Mutoto, mi sikusemaka vile," aliniambia. "Maneno yangu ilikuwa na mukia. Mukia yake iko wapi?"

"Mama, redio iko na saa kidogo. Banafupisha bya batu bote."

"Bon. Ukiuziwa samaki haina mukia, uliza kwanza ni nani alikula mukia."

Nilicheka. Nilimtetea mkuu wangu, naomba hilo liandikwe. Nilimwambia mama mdogo kwamba yule ni mwalimu wangu, ndiye aliyenifundisha kazi, ndiye aliyesema mwanahabari hapokei hata embe kutoka kwa mtu anayemwandikia habari. Na ni kweli aliwahi kurudisha kikapu cha samaki mbele ya macho yangu. Mama mdogo alinisikiliza, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaenda zake.

Sasa, na karatasi ya uteuzi mkononi, nilianza kukumbuka kwa jicho lingine. Katika miezi ile habari za chuo zilikuwa zimezidi. Leo chuo kimepanda miti, kesho mkuu wa chuo amesalimia wazee. Siku moja tuliacha habari ya mtumbwi uliozama karibu na Kilwa mpaka dakika ya mwisho ili kwanza tusome kuhusu maktaba. Niliuliza siku ile kwa nini, akaniambia maktaba ni maendeleo. Halafu kulikuwa na safari zake mbili za "semina", na viatu vipya. Najua viatu si ushahidi. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya mawingu miezi mitatu nikisema jua linawaka.

Nilimfuata kabla hajamaliza soda yake.

"Ba bosi, hongera," nilimwambia. "Karatasi ya kazi ulisaini siku gani?"

Alitabasamu. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kinatosha. "Mama wa Kiswahili, hii ni siku ya furaha. Kunywa soda."

"Nitakunywa. Ulisaini siku gani?"

"Bintu bya ofisi ile," alisema, akageuka kumwitikia mtu mwingine. Soda sikunywa. Mtu msafi hujibu tarehe kwa tarehe, ndivyo nilivyofikiri, na bado nafikiri hivyo.

Wiki iliyofuata akahama. Haukupita muda mrefu tangazo likabandikwa ubaoni sokoni Kashikishi, lenye muhuri, likisema uwanja utaachwa wazi kabla ya mvua kuanza, kwa kuwa wanawake wenyewe wamekubali hadharani kupitia redio. Kupitia redio. Yaani kupitia mimi, maana kwa Wakongomani wa ufuko ule redio ni mimi. Hakuna mwanamke aliyenitukana, afadhali wangenitukana. Walinijibu salamu na kuendelea kugeuza samaki. Mmoja aliyekuwa ananiwekea chisense wa mboga kila Ijumaa aliniambia wameisha, na turubai zima limejaa mbele yake.

Mama mdogo alifanya jambo baya zaidi, alianza kuwa na adabu nami. Alinikaribisha kiti. Tangu nizaliwe hajawahi kunikaribisha kiti, huniambia sogea tukae. Nikaapa moyoni kwamba huyu msemaji atanieleza, mbele ya watu.

Nafasi ilikuja mapema. Msemaji mpya alirudi Nchelenge akiwa na gari la chuo na shati lenye nembo kifuani, akaita waandishi kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na ziwa. Tulikuwa wachache, na wenzangu wote walikuwa vijana aliowafundisha yeye. Kila kiti kilikuwa na kalamu na daftari jipya la chuo. Mimi niliandika kwenye daftari langu. Aliongea vizuri kama kawaida yake, kuhusu utafiti, ajira, na uhusiano mwema na vyombo vya habari. Alipouliza kama kuna swali nikasimama.

"Siku ulipotayarisha ile habari ya wanawake wa uwanja," nilisema, "ulikuwa mwandishi wetu au tayari ulikuwa mtu wa chuo?"

Yeye hakukasirika. Alijibu kwa Kiingereza kirefu kwamba chuo kinaheshimu maadili ya uandishi na kwamba uteuzi wake ulifuata taratibu zote. Nikauliza tena siku ya kusaini. Akasema swali linalofuata tafadhali, na hapakuwa na swali linalofuata, kwa hiyo tukaletewa chai.

Nilikuwa natoka aliponifikia nje, penye gari lake. Nilitegemea vitisho. Badala yake alinipa kazi.

"Sikiliza, mama," alisema. "Chuo inatafuta mutu wa kuongea na Bakongomani. Sauti yako banaijua kutoka hapa mpaka Mantapala. Kuya tutumike kazi pamoja. Nitaandika jina yako mimi mwenyewe."

"Jina yangu unaandika juu ya nini? Juu ya kuuliza, ao juu ya kunyamaza?"

Hapo uso wake ulibadilika kidogo. "Unafikiri mimi niliiba maneno ya mama yako. Wewe uko na rekodi. Sikiliza yote, halafu kuya unishitaki."

Nilipanda nyuma ya baiskeli ya kukodi nikiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kushinda. Mshitakiwa gani anakuelekeza kwenye ushahidi? Nilijiambia ni kiburi, kwamba anadhani nimeifuta. Kufuta! Mimi sifuti kitu, hata risiti za Mantapala bado ninazo.

Lazima sasa nieleze tabia moja ya redio yetu. Umeme kwetu ni wa kubahatisha, na betri za mitambo ya jua zinatosha kurusha matangazo tu. Kompyuta ya kuhariri hupewa saa moja au mbili kwa siku. Mhariri hawezi kukaa kusikiliza rekodi za watu kumi. Kwa hiyo sisi tunaokusanya sauti tulifundishwa kumsaidia: mtu akishasema jambo lake likatimia, unasema "kata" kwa sauti ya chini karibu na simu. Mhariri anatafuta neno hilo na kukata hapo. Nadhani hakuna redio nyingine inayofanya hivyo. Tulizoea sana, kiasi kwamba niliwahi kusema "kata" kanisani baada ya pasta kumaliza hoja yake, na waliokaa benchi langu wakaniangalia.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, jua la saa nane, nikaweka simu sikioni. Nilisikia upepo, nikasikia kuku, nikajisikia mimi nikiuliza swali. Kisha mama mdogo.

"Sisi bamama ba hapa tunaitika kutoka."

Lori likapita barabarani. Mama mdogo akanyamaza kungoja lipite, kama mtu yeyote mwenye akili. Na ndani ya ukimya ule, karibu sana na simu, sauti ya mwanamke ilisema: "Kata."

Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena, nikitumaini ni mtu mwingine, labda mmoja wa wale wa miavuli. Ilikuwa mimi. Sauti ileile inayojulikana kutoka hapa mpaka Mantapala.

Lori lilipokwisha kupita mama mdogo aliendelea, palepale alipoachia: "Mupaka kama banatuonyesha kwanza fasi ingine, tuione na macho yetu. Bakituonyesha fasi ya matope, tutaanika banafunzi babo."

Hapo ndipo wanawake walipoangua kile kicheko.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi nimewahi kuomba unga kwa foleni. Nilikumbuka vizuri sasa kwamba siku ile nilikuwa na haraka. Sentensi ilikuwa fupi, nzuri, imekaa kama ilivyotakiwa, na nilipenda uzuri wake kabla sijajua kama imekwisha. Wiki zote hizi nilikuwa nachunguza viatu vya mtu, na nyani haoni kundule.

Lakini nilipotulia nikasikiliza mara ya nne, na wasiwasi wangu wa zamani ukaamka. Kicheko. Kama kweli alikata pale niliposema, bila kusikiliza mbele, kicheko alikitoa wapi? Kicheko kilikuwa kimeshikana na yale maneno ya kuanika wanafunzi, hakuna hata pumzi katikati. Hukipati bila kupita kwenye sharti la mama mdogo. Alilisikia. Akaliruka, akachukua kicheko, akakibandika kwenye "tunaitika". Neno langu lilimpa mlango, lakini kuingia aliingia kwa miguu yake. Na sasa alikuwa amenituma nisikilize rekodi akijua nitajikuta humo, nitaona haya, nitanyamaza, na pengine nitakubali kazi.

Nikakumbuka pia kwamba kulikata neno "kata" ni kazi ya dakika moja. Simu yangu inaweza. Nilikata. Nilitengeneza nakala safi: mama mdogo anasema, lori linapita, mama mdogo anaendelea, wanawake wanacheka. Nakala hiyo ilimwacha yeye peke yake na hatia, na ilikuwa karibu na ukweli. Nilikwenda nayo studio siku ya kipindi. Nilikuwa nimeamua kuicheza, sitadanganya.

Kilichonizuia si wema. Niliogopa. Rekodi nzima aliyonayo yeye, nilimtumia mwenyewe, na mtu aliyekuwa mhariri miaka yote ile angejua nimetoa nini na angenisubiri. Hofu hiyo ilinikalisha chini, na nilipokuwa nimekaa ndipo nikaona kwamba nilichokuwa nimebeba kwenye simu ni habari ile ile yake, imetengenezwa na mimi safari hii.

Nikacheza rekodi nzima. Kabla yake nilisema, "Sauti mutakayosikia ikisema kata ni yangu mimi. Nilikata mama yangu katikati ya maneno." Baada yake nilisema kwamba aliyehariri habari ile sasa ni msemaji wa chuo kinachotaka uwanja, kwamba nimemuuliza siku aliyosaini mkataba na hajanijibu, na kwamba kicheko hakikuwa mahali pake. Sikusema zaidi. Meneja wa redio alinisimamisha kazi mwezi mmoja kwa kurusha rekodi bila idhini, na nadhani alikuwa na haki.

Chuo kilitoa taarifa ya kurasa mbili yenye sahihi ya msemaji. Ilizungumzia mashirikiano. Tarehe ya mkataba haimo. Lakini tangazo la sokoni lilibanduliwa, na jipya likasema wanawake wataonyeshwa kwanza mahali pengine, waseme wenyewe kama panafaa.

Asubuhi baada ya kipindi nilikwenda uwanjani. Mama mdogo alikuwa anageuza samaki kwa fagio, na hakunikaribisha kiti. Nilifurahi kwa hilo.

"Nilisikia," alisema. "Ni weye ulisema kata."

"Ni mimi, mama."

"Na mi nilikuwa ningali nasema."

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

Alipeleka fagio mpaka mwisho wa turubai, akarudi. "Ile mutu alikula mukia," alisema. "Lakini ni weye ulimukatia. Nilishakusamehe jana. Shika fagio."

Siku ya kuonyeshwa mahali papya aliniambia niende nao, ila simu niiache nyumbani. Niliiacha. Tulitembea wanawake ishirini na zaidi nyuma ya mtu wa halmashauri na kijana wa chuo, tukafika penye mchanga uliochanganyika na majani, mbali na mitumbwi kuliko nilivyotaka. Wanawake walikanyaga, wakachota mchanga, wakanusa. Yule wa chisense wa Ijumaa alisimama mbele kuanza kutoa maoni yao. Alisema, "Hii fasi siyo mubaya," kisha akavuta pumzi.

Hakuendelea. Alikuwa amegeuka, ananiangalia mdomo, usije ukatamka lile neno. Na wote wakageuka, mama mdogo naye, wakasubiri nirudi nyuma hatua kadhaa. Nilirudi, mpaka nikawa sisikii, na hapo ndipo alipoendelea.